"Mtoto Hasikii": Lugha na Utambuzi wa Matatizo ya Afya ya Akili ya Watoto katika Vituo vya Afya vya Kampene

1. Utangulizi

Mama mmoja anaingia katika kituo cha afya, amemshika mkono mtoto wa kiume wa miaka saba. Baada ya salamu, muuguzi anamwuliza shida ni nini. Mama anajibu kwa maneno mawili tu: "Mtoto hasikii."

Mfano huu tumeubuni, lakini msomaji yeyote aliyekulia Maniema ataukubali bila kusita. Swali letu ni hili: muuguzi ameambiwa nini? Kitenzi kusikia, katika Kiswahili kinachosemwa Kampene, kina angalau maana nne. Kwanza, ni kupokea sauti kwa masikio. Pili, ni kutii: mtoto asiyesikia ni mtoto mkaidi, yule tunayemwita kichwa nguvu. Tatu, ni kufahamu: asiyesikia lugha ni asiyeielewa. Nne, ni kuona hali fulani mwilini au moyoni, kama tunaposema kusikia baridi, kusikia woga, kusikia vibaya. Muuguzi akishika maana ya kwanza, atamtazama mtoto masikio. Akishika ya pili, atamwambia mama awe mkali zaidi nyumbani, na pengine mtoto atapigwa jioni ile ile. Akishika ya tatu, atafikiri kwamba mtoto ni mzito wa kuelewa. Yawezekana hata hivyo kwamba mtoto huyu ana kifafa kile kisichoangusha, ambacho humfanya akodoe macho kwa muda mfupi pasipo kujibu aitwapo. Au kwamba ni kiziwi wa sikio moja tangu malaria kali ya mwaka uliopita. Au kwamba amefiwa na baba yake na moyo wake umezama katika huzuni. Kitenzi kimoja kimefunika magonjwa matatu na utundu mmoja.

Makala haya yanakusudia kufanya mambo matatu. Kwanza, kueleza kwa ufupi kwa nini matatizo ya akili na hisia ya watoto yanapaswa kutambuliwa na kutibiwa katika kituo cha afya cha kijiji, wala si katika hospitali kubwa peke yake. Pili, kuchunguza maneno ambayo wazazi na wauguzi wa Kampene huyatumia, na kuonyesha namna maneno hayo yanavyosaidia au yanavyozuia utambuzi. Tatu, kupendekeza namna ya kuuliza na ya kusema ambayo inafaa katika Kiswahili chetu. Sisi si waganga, ni wanaisimu. Lakini ugonjwa wa mtoto, kabla haujawa jambo la dawa, huwa ni jambo la maneno: mtu mzima lazima aseme kwa mwenzake kile alichokiona.

2. Mahali tunapopazungumzia

Kampene imo katika wilaya ya Pangi, kusini-mashariki ya mji wa Kindu, katika nchi ya Warega. Wakazi wake ni wakulima na wachimbaji wa dhahabu na kasiterite. Nyumbani husemwa Kilega na Kiswahili. Sokoni na kituoni, Kiswahili hutawala. Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Kiciluba, huku Kifaransa kikibaki lugha rasmi.

Mgawanyo huo wa lugha una athari yake kituoni. Muuguzi amesomea kazi yake kwa Kifaransa. Majina ya maradhi, daftari la wagonjwa, taarifa ya kila mwezi, karatasi ya rufaa, vyote ni vya Kifaransa. Mama yeye hueleza kwa Kiswahili, na pengine kwanza amefikiri kwa Kilega. Kwa hiyo kila maelezo ya ugonjwa hupita mito miwili kabla ya kufika daftarini, na yale yasiyokuwa na daraja huachwa ng'ambo. Homa ina daraja, kikohozi kina daraja, kuhara kuna daraja. Huzuni ya mtoto haina.

Historia ya karibuni nayo lazima itajwe. Maniema ilipitiwa na vita vya 1996, kisha na vile vya 1998 hadi 2003; Kindu yenyewe iliangukia mikononi mwa waasi mwezi wa Oktoba 1998. Watoto waliokimbilia msituni wakati ule, au waliobebeshwa silaha, leo ni watu wazima wenye watoto wao. Muuguzi anayemtazama mtoto wa leo mara nyingi ameketi mbele ya mtoto wa jana pia, yaani mzazi ambaye hakuwahi kuulizwa lolote.

3. Kwa nini kituo cha afya?

Mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978 uliweka msingi wa afya ya msingi: huduma ziwe karibu na mahali watu wanapoishi na kufanya kazi. Nchi yetu iliifuata njia hiyo kwa kugawanywa katika zoni za afya, kila moja ikiwa na hospitali kuu ya rufaa na vituo vyake vijijini. Zoni ya Kampene ni mojawapo. Lakini kwa muda mrefu afya ya msingi ya mtoto ilimaanisha chanjo, uzito, homa na kuhara. Hata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF wa kutibu kwa pamoja magonjwa ya utotoni, uliotungwa katika miaka ya 1990, ulilenga hasa magonjwa yanayoua watoto walio chini ya miaka mitano. Lengo hilo lilikuwa la haki. Matokeo yake, hata hivyo, ni kwamba mtoto asiyekufa lakini asiyecheza hakuwa na ukurasa wake.

Si kwamba tatizo lilikuwa halijulikani. Mwaka 1981 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa katika vituo vya afya ya msingi vya nchi nne, yaani Sudani, Ufilipino, Uhindi na Kolombia, kuhusu watoto wa miaka 5 hadi 15 waliofika kutibiwa. Kati ya asilimia 12 na 29 walikuwa na tatizo la akili au la hisia. Wengi wao waliletwa kwa sababu ya malalamiko ya mwili, na wengi hawakutambuliwa na wahudumu. Leo Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba, duniani kote, kijana mmoja kati ya saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili, na kwamba nusu ya matatizo yote ya akili ya watu wazima huanza kabla ya umri wa miaka 18. Anayengoja mpaka mgonjwa awe mtu mzima amechelewa.

Kwa sababu hiyo Shirika hilo lilianzisha mwaka 2008 mpango wa kuwafundisha wahudumu wasio mabingwa namna ya kutambua na kutibu matatizo ya akili. Mwongozo wake ulitoka mwaka 2010, na toleo la pili mwaka 2016. Toleo hilo linayapanga matatizo ya watoto na vijana katika makundi matatu, ambayo tunaweza kuyaita kwa Kiswahili hivi: matatizo ya makuzi (mtoto achelewa kusema, kutembea, kuelewa, au hajali watu), matatizo ya tabia (mtoto hatulii hata kidogo, apigana, aiba, atoroka), na matatizo ya hisia (mtoto aogopa, ahuzunika, ajitenga). Kifafa kina sura yake peke yake. Mgawanyo huu ni rahisi, na muuguzi anaweza kuukumbuka bila kitabu. Ugumu unaanza anapotaka kuusema.

4. Maneno yanayofungua na maneno yanayofunga

4.1 Neno akili. Tafsiri iliyozoeleka ya huduma hii ni "afya ya akili". Istilahi hii imekwisha kukubalika, nasi hatutaki kuifuta. Lakini tuangalie namna inavyosikika. Katika matumizi ya kila siku akili ni werevu: mtoto mwenye akili ni yule anayeshika masomo, na kusema "hana akili" ni tusi. Mzazi akiambiwa kwamba mtoto wake ana "ugonjwa wa akili", husikia mambo mawili yasiyosemwa: kwamba mtoto ni mjinga, au kwamba ni mwendawazimu kama yule anayetembea uchi sokoni. Katika hali zote mbili hatarudi kituoni. Ni afadhali muuguzi aanze na maneno yaliyo karibu na alichokiona mzazi mwenyewe: usingizi, woga, huzuni, makuzi, masomo. Istilahi itaandikwa daftarini. Si lazima itupwe usoni.

4.2 Moyo na roho. Vijitabu vingi vya afya huandikwa kwa Kiswahili cha pwani, ambacho huweka hisia moyoni: moyo unauma, moyo mzito. Kwetu Maniema, kama kwingineko mashariki ya Kongo, watu wengi husema roho pale wenzetu wa pwani wanaposema moyo. Mtoto akisema roho inamwuma, huenda anaelekeza kidole kifuani, naye muuguzi aliyezoea dawa za kifua atampa dawa ya kikohozi. Si kosa la mtoto. Lugha yake inaweka huzuni na pumu katika nyumba moja.

4.3 Munganga na mufumu. Huko Tanzania neno mganga, lisipofafanuliwa, humkumbusha msikilizaji tabibu wa jadi. Kwetu munganga ni daktari au muuguzi, na tabibu wa jadi au mpiga ramli ni mufumu. Bango lililotoka Dar es Salaam likiwaonya wazazi wasimpeleke mtoto kwa mganga, likibandikwa Kampene bila kubadilishwa, litawafukuza wazazi kutoka mlango wa kituo kile kile ambacho lilitaka kukisaidia.

4.4 Degedege na kifafa. Umuhimu wa majina umethibitishwa mahali pengine. Watafiti walioandika mwaka 1996 kuhusu wilaya ya Bagamoyo, Tanzania, walionyesha kwamba wazazi walilihesabu degedege kuwa ugonjwa tofauti na homa ya malaria, wenye asili ya pepo, na hivyo tiba yake ilianza nyumbani na kwa mtaalamu wa jadi. Mtoto yule yule mwenye malaria alipelekwa hospitali kama ugonjwa uliitwa homa, na alipelekwa kwingine kama uliitwa degedege. Jina ndilo lililochagua njia. Kifafa nacho, ambacho jina lake huhusishwa na kitenzi kufa, hubeba hofu ya kifo na, mahali pengi, hofu ya kuambukizwa kwa mate. Watu huogopa kumgusa anayeanguka, naye huangukia motoni au mtoni. Kifafa hakiambukizwi kwa mate.

4.5 Ngeli ya ki-vi. Kiswahili kina desturi ya kuwataja wenye kasoro kwa ngeli ya vitu na ya udogo: kiziwi, kipofu, kilema, kichaa, kikojozi. Ni kweli kwamba upatanisho wa sentensi huwarudisha katika ngeli ya watu, kwani twasema "kiziwi amekuja" wala si "kimekuja". Hata hivyo jina humgeuza mtu kuwa kasoro yake. Afadhali kauli za umilikaji: mtoto mwenye kifafa, mtoto anayekojoa usiku. Tofauti hii si urembo. Kikojozi ni mtu fulani na ataendelea kuwa yeye; anayekojoa usiku ni mtoto anayefanya jambo, na jambo linaweza kukoma.

4.6 Kauli ya kutendwa. Tumeweka mwisho jambo tunaloliona zito kuliko yote. Tulinganishe sentensi tatu: "Mtoto ana kifafa", "Mtoto ameshikwa na kifafa", "Mtoto amerogwa". Ya kwanza inataja hali, wala haitafuti mtenda. Ya pili ina mtenda, lakini mtenda huyo ni ugonjwa wenyewe. Ya tatu imeacha nafasi wazi baada ya kitenzi, na sarufi yenyewe inadai nafasi hiyo ijazwe: amerogwa na nani? Kuanzia hapo familia haitafuti tena dawa, inatafuta jina. Jina hilo likiwa la bibi kizee au la mke wa pili, nyumba imevunjika. Likiwa la mtoto mwingine, au likimrudia mtoto mgonjwa mwenyewe kwamba ndiye mchawi, mtoto huyo yu hatarini kupigwa, kunyimwa chakula, au kufukuzwa. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamwadhibu, katika kifungu chake cha 160, yeyote anayemshtaki mtoto kwa uchawi. Ni vema sheria hiyo ijulikane. Lakini sheria huja baada ya tendo; muuguzi yupo wakati sentensi inatungwa. Akisikia "amerogwa", asicheke wala asigombane. Aseme: "Nimesikia, mama. Hebu nieleze alivyokuwa akifanya siku ile," na amrudishe msemaji kwenye kauli ya kutenda, ambamo mtoto ndiye kiima, na ishara za ugonjwa ndizo kiarifu.

5. Namna ya kuuliza

Adabu ya Kiswahili inataka habari iwe nzuri kwanza. Muuguzi akiuliza "Habari ya mtoto?", mama atajibu "Nzuri tu", hata kama hajalala usiku tatu. Jibu hilo ni salamu, si taarifa. Taarifa huanza baada ya neno lakini: "Nzuri tu, lakini..." Kituo chenye foleni ndefu hukata maneno kabla ya lakini kufika. Hapa dakika mbili za kunyamaza zina thamani.

Adabu hiyo hiyo inamfundisha mtoto kunyamaza mbele ya wakubwa na kutowakazia macho. Kwa hiyo ukimya wa mtoto mbele ya muuguzi si dalili ya ugonjwa. Ni lazima atazamwe akiwa uani, pamoja na watoto wenzake, ndipo ijulikane kama hucheza, hucheka na kuitika.

Kanuni tunayoipendekeza ni kuuliza kwa vitenzi kabla ya nomino. Swali "Ana ugonjwa gani?" humlazimisha mzazi kuchagua jina, na majina, kama tulivyoona, yana njia zake. Swali "Anafanya nini?" humwomba ushahidi. Maswali yafuatayo tumeyatunga kwa Kiswahili chepesi, kwa kuzingatia makundi matatu yaliyotajwa pamoja na kifafa:

(a) Ukimwita kutoka nyuma, bila yeye kukuona, anageuka?
(b) Anasema na kuelewa kama watoto wa rika lake?
(c) Usiku analala namna gani? Anashtuka? Anakojoa kitandani, hali zamani alikuwa ameacha?
(d) Amewahi kuanguka ghafula, kukakamaa, au kukodoa macho bila kujibu?
(e) Anacheza na nani? Wanacheza nini?
(f) Mwalimu anasema nini juu yake?
(g) Kabla ya hali hii kuanza, jambo gani lilimpata yeye au nyumba yenu?
(h) Jambo gani analifanya vizuri?

Swali (a) na (d) hutenganisha zile maana za "hasikii" tulizoanza nazo. Swali (g) halitaji vita wala kifo wala kubakwa, bali linaacha mlango wazi. Atakayetaka kuingia ataingia. Swali (h) huenda likaonekana la mapambo, lakini mzazi aliyekuja na aibu hupata nafasi ya kumsifu mtoto wake, na baada ya sifa ulimi hulegea. Kwa kijana aliyejitenga na kukata tamaa swali moja zaidi linahitajika, nalo huogopwa: kama amewahi kuona afadhali asingekuwapo, au kufikiri kujiua. Kuuliza hivyo kwa upole, faraghani, hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Humpa ruhusa ya kulisema.

6. Namna ya kutibu

Hatua ya kwanza ni kuutazama mwili. Masikio, macho, upungufu wa damu, minyoo, utapiamlo, malaria iliyofika ubongoni, maambukizo ya mkojo au kisukari kwa mtoto aliyeanza upya kukojoa kitandani: yote hayo hutangulia. Mtoto mwenye utapiamlo mkali huonekana kama asiye na hisia. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani juu ya kumtibu inaweka michezo na upendo kuwa sehemu ya tiba, pamoja na maziwa na dawa.

Hatua ya pili inahusu kifafa. Hapa kituo kina dawa ya kweli. Fenobabitali imo katika orodha ya dawa za lazima, bei yake ni ndogo, na watoto wengi wanaoinywa kila siku huacha kuanguka. Hatari iko katika kuikatiza ghafula, kwani degedege laweza kurudi kwa nguvu. Muuguzi aseme wazi: "Hata asipoanguka tena, msiache dawa mpaka mje tuzungumze." Mahali penye ugonjwa wa usubi, ule unaoletwa na inzi wa mito yenye maji ya kasi, kifafa cha watoto huonekana kwa wingi zaidi. Ugawaji wa kila mwaka wa Mectizan, dawa ambayo hutolewa bure tangu mwaka 1987, ni kinga ya macho, na ni kinga ya ubongo pia.

Hatua ya tatu ni ya hisia na tabia, na hapa sindano haina kazi. Mwongozo wa 2016 unamkataza mhudumu asiye bingwa kumwandikia mtoto dawa kwa ajili ya huzuni au woga. Diazepamu ikimlaza mtoto mwenye ndoto mbaya usiku mmoja, haimwondolei kilichomtisha. Kinachotibu ni maneno na ratiba: kumweleza mzazi kwamba mtoto hafanyi kusudi, kupatana kwamba fimbo na matusi vitakoma, kumsifu mtoto papo hapo anapofanya vema, kumrudisha shuleni na mchezoni, kulala na kula kwa saa zilezile, kumfundisha kupumua polepole woga unapomjia. Mzazi naye aulizwe hali yake, kwa maana aliyechoka hasikii, kwa maana zote nne.

Je, watu wasio mabingwa waweza tiba ya maneno? Ushahidi upo, na sehemu yake ni ya Kiswahili. Huko Moshi, Tanzania, na Bungoma, Kenya, watoto yatima 640 wenye umri wa miaka 7 hadi 13 walishiriki jaribio lililochapishwa mwaka 2020. Walei waliofunzwa waliwasaidia watoto kutaja hisia zao, kutuliza mwili, kisha kusimulia kidogo kidogo kifo cha mzazi, huku walezi wakifundishwa kusikiliza. Tiba ilipomalizika, katika maeneo matatu kati ya manne watoto hao walikuwa na nafuu kubwa kuliko wenzao. Katika mashariki ya Kongo majaribio mawili yaliyochapishwa mwaka 2013, moja la wasichana 52 na jingine la wavulana 50 walioathirika na vita, yalionyesha nafuu kwa tiba ya vikundi ya aina hiyo. Huko Harare, wanawake wazee wa mtaani huketi benchini na wagonjwa tangu mwaka 2006, nao huanza na neno la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Walichagua neno ambalo watu walikuwa nalo tayari. Sisi tunalo letu: mawazo. "Ana mawazo mengi" ni kauli isiyomtukana mtu.

Hatua ya nne ni rufaa. Mtoto asiyetulia kwa fenobabitali, aliye hatarini kujiua, asiyekula, au anayeona na kusikia visivyokuwapo, apelekwe hospitali kuu ya rufaa. Mbele zaidi upo mji wa Bukavu, penye kituo cha Sosame kilichoanzishwa mwaka 1994, na Goma, penye kituo ambacho jina lake lenyewe ni somo la tafsiri njema: Tulizo Letu. Lakini kutoka Kampene safari hizo ni ndefu na ghali; watakaozifanya ni wachache. Waliobaki watapona, au hawatapona, katika chumba kile kile ambamo mama alisema "hasikii".

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba utambuzi wa matatizo ya akili ya watoto hukwama, pamoja na sababu nyingine, katika lugha: vitenzi vyenye maana nyingi, istilahi zinazotukana, ngeli zinazomdunisha mtu, na kauli ya kutendwa inayotafuta mkosaji. Hatukusema kwamba maneno yatatosha. Kituo kisicho na fenobabitali hakitaponywa na msamiati. Lakini dawa iliyomo kabatini nayo haitamfikia mtoto ambaye ugonjwa wake umeandikwa kuwa ukaidi.

Kazi inayofuata iko ndani ya uwezo wa idara zetu. Inatakiwa orodha fupi ya maneno ya afya ya mtoto, ya Kilega, Kiswahili cha Maniema na Kifaransa, ikikusanywa pamoja na wauguzi, walimu, Reko wa vijijini na akina mama wenyewe, kisha ikijaribiwa kituoni kabla ya kupigwa chapa. Kila neno liandikwe pamoja na maana zake zote, na pamoja na swali moja la kuzitenganisha. Wanafunzi wanaotafuta mada ya tasnifu, hasa wale wenye kwao katika Pangi, wanakaribishwa kuianza kazi hiyo. Waanze na kitenzi kusikia. Wakae siku moja kwenye benchi la kituo, wahesabu ni mara ngapi kimetamkwa, na kila mara waulize mama aliyekitamka alikuwa na maana gani.